Tamthilia ya muziki na kikundi cha ridhaa: kuanzia skripti hadi pazia la mwisho

Kila kikundi kinachotaka kufanya tamthilia ya muziki kwa mara ya kwanza huja na maswali yaleyale manne: tuchague ipi, noti tutazipata wapi, mazoezi yachukue muda gani, na nani apewe mhusika mkuu. Swali la tano haliulizwi, nalo ndilo linalowaumbua watu mbele ya ukumbi uliojaa: meza itatokaje jukwaani?

Mimi ni meneja wa jukwaa, yule mtu aliyevaa nyeusi pembeni ambaye hamumwoni. Nimeona michezo yenye sauti za kawaida tu ikasimama imara usiku baada ya usiku, na nimeona yenye sauti za dhahabu ikiachia. Haiachii katikati ya wimbo. Huachia kwenye viungo: pale mazungumzo yanapogeuka wimbo, wimbo unapoingia kwenye densi, na tukio moja linapolipisha jingine. Kwa hiyo nitapita haraka kwenye mambo ambayo mngeyafanya hata nisiposema, na nitakaa zaidi kwenye viungo.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Watu watatu tofauti: mwongozaji, kiongozi wa muziki na meneja wa jukwaa. Mwalimu wa densi ni wa nne. Mtu mmoja akishika kazi mbili mtaponea chupuchupu. Akishika mbili na bado akacheza mhusika mkuu, tafuteni mchezo mwingine.
- Mpiga piano wa mazoezi. Hatafutwi mpigaji hodari kuliko wote. Anatafutwa anayeweza kuambiwa "tuanzie pale anapoingia mama" akawa ameshafika kabla sentensi haijaisha.
- Chumba cha mazoezi chenye sakafu ya ukubwa wa jukwaa lenu, au angalau upana wake.
- Tarehe za ukumbi kwa maandishi, zikiwemo siku nne kamili kabla ya onyesho la kwanza. Siku hizo si za anasa.
- Wiki 14 hadi 16 za mazoezi, mara tatu kwa wiki, saa mbili na nusu kila mara. Watu wana kazi na familia. Ukipanga mara tano utapata nusu ya watu kila siku.
- Bajeti yenye mistari hii: leseni, kukodi vitabu, ukumbi, wanamuziki, vyombo vya sauti, taa, mavazi, mandhari, na akiba. Mstari wa vyombo vya sauti ndio vikundi vipya husahau, na huwa mmoja wa mistari minene.
- Mikanda ya gundi ya rangi nne au tano.
- Penseli na ufutio kwa kila mtu. Kalamu za wino zibaki nyumbani. Sababu mtaiona mwishoni.

Hatua ya 1: Chagueni mchezo mnaoweza kuubeba

Msichague kwa nyimbo mnazozipenda. Chukueni skripti, kaeni mezani na mhesabu. Kuna wahusika wangapi wanaoimba peke yao? Wanaume wangapi, wanawake wangapi? Watoto wapo? Densi ni ya kupambia au ndiyo inayosimulia hadithi? Halafu hesabuni kitu ambacho wengi hawakihesabu: mandhari inabadilika mara ngapi?

Mifano mitatu. *H.M.S. Pinafore* ya Gilbert na Sullivan, iliyoonyeshwa kwanza London mwaka 1878, ina sehemu mbili na zote ziko kwenye sitaha ya meli moja. Mandhari ikishasimama, imesimama. *The Sound of Music* ya mwaka 1959 inataka watoto saba wanaoimba, kwaya ya masista wa kitawa, na inahama kati ya nyumba ya watawa, mlima na jumba la kifahari mara kwa mara. Ni mchezo unaovuta watu, lakini kwa kikundi kipya ni mzigo wa ngamia. *My Fair Lady*, 1956, ina jambo la kuwatia moyo walio na mwigizaji mzuri asiye mwimbaji: uhusika wa Profesa Higgins uliandikwa kwa ajili ya mtu aliyesema nyimbo zake juu ya muziki zaidi ya kuziimba, na bado huchezwa hivyo.

Ushauri wangu kwa mara ya kwanza: mandhari moja au mbili, kwaya kubwa, waimbaji wa peke yao wasiozidi sita. Kwaya kubwa ina faida mbili. Inaficha sauti dhaifu, na kila mwanakwaya ana ndugu watakaonunua tiketi.

Hatua ya 2: Pateni leseni kabla ya kumwambia mtu yeyote

Mchezo ukiwa bado chini ya hakimiliki, huwezi kuuonyesha bila leseni, hata kama hamtozi kiingilio, hata kama ni wa hisani. Leseni hutolewa na makampuni yanayowawakilisha watunzi. Makubwa ni Music Theatre International, ambako utaikuta *Fiddler on the Roof*, na Concord Theatricals, ambako utaikuta *The Sound of Music*. Utaulizwa tarehe, idadi ya maonyesho, viti vya ukumbi na bei ya tiketi. Ada hutegemea hayo. Vitabu vya noti mara nyingi hukodishwa kwa miezi michache, na hulipiwa mbali na leseni.

Msichapishe bango kabla jibu halijafika. Ombi linaweza kukataliwa kwa sababu tu kuna kikundi cha kulipwa kinachotaka mchezo huohuo karibu yenu.

Soma mkataba wote. Karibu kila mkataba unakataza mambo haya bila ruhusa ya maandishi: kubadili maneno, kuondoa wimbo, kubadili jinsia ya mhusika, kutafsiri, na kurekodi video. Katika kikundi kipya daima kuna mtu anayesema "mstari mmoja tu, nani atajua?" Mjibuni mapema.

Michezo ya zamani sana iko huru. Gilbert alifariki 1911 na Sullivan 1900, hivyo maneno na muziki wao havina mwenyewe tena hata katika nchi zinazolinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi. Lakini toleo jipya, au mpangilio mpya wa okestra uliofanywa na mtu aliye hai, linaweza kuwa na haki zake. Angalieni ukurasa wa mbele wa kitabu mnachotumia.

Hatua ya 3: Pangeni kalenda kwa kurudi nyuma

Anzeni na usiku wa kwanza na mrudi kinyumenyume. Zoezi la mavazi la mwisho ni siku moja kabla. Zoezi la ufundi ni siku mbili au tatu kabla. Okestra na waimbaji kukutana: wiki moja kabla. Vitabu kuwekwa chini: wiki tano kabla. Muziki wote kujulikana: mwisho wa wiki ya sita ya mazoezi.

Wekeni mazoezi mawili matupu yasiyo na kazi. Yatajaa yenyewe.

Hatua ya 4: Usaili

Mpe kila mtu kipande kifupi cha wimbo kutoka kwenye mchezo wenyewe, ukurasa mmoja wa mazungumzo, na dakika kumi za hatua za densi mkiwa kundi. Mwache aimbe mara moja kama alivyojiandaa. Kisha mpe agizo moja dogo, kwa mfano "liimbe kama unamnong'oneza mtu aliyelala", aimbe tena. Mara ya pili ndiyo usaili. Aliyeimba vizuri zaidi lakini akarudia vilevile atakuchosha kwa miezi minne.

Muulizeni kila mtu, kwa maandishi, siku ambazo hatakuwepo. Orodha hiyo ina uzito sawa na sauti yake. Na mteueni mbadala wa kila mhusika mkuu siku hiyohiyo, kutoka kwenye kwaya, naye aambiwe.

Kosa la kawaida: kuwapa wakongwe wa kikundi nafasi kwa heshima ya miaka yao. Mtamaliza msimu hamna heshima wala mchezo.

Hatua ya 5: Muziki kwanza, na usijifunze kwenye filamu

Wiki tatu za mwanzo ni za kukaa kwenye viti na kuimba. Soprano, alto, teno na besi wajifunze mbali mbali, kisha wakutane. Kiongozi wa muziki arekodi kila sauti kwa simu, piano ikipiga sauti hiyo kwa nguvu na nyingine chinichini, awatumie. Mtu akisikiliza akiwa kwenye basi mara ishirini, umepunguza zoezi zima. Rekodi hizo zibaki ndani ya kikundi.

Onyo kubwa: marufuku kujifunzia kwenye filamu. Filamu za michezo hii zilibadilishwa ufunguo, maneno na hata mpangilio. Katika filamu ya *The Sound of Music* ya mwaka 1965, Maria anawaimbia watoto kuhusu vitu avipendavyo usiku wa radi. Jukwaani wimbo huohuo anauimba na Mama Mkuu wa watawa, na usiku wa radi una wimbo mwingine kabisa. Filamu iliondoa nyimbo tatu za jukwaani na kuongeza mbili ambazo hazikuwemo. Nimewahi kuona mwanakikundi akija na wimbo mzima kichwani, umeiva, na hauko kwenye kitabu.

Kwa kila wimbo, mwimbaji aandike kwa penseli jibu la swali moja: noti yangu ya kwanza naipata wapi? Kwenye klarineti? Kwenye gitaa? Kwa mwenzangu aliyeimba kabla yangu? Asiyejua huitafuta mbele ya watu.

Hatua ya 6: Mapito na densi

Pimeni jukwaa, kisha lichoreni kwa mkanda kwenye sakafu ya chumba cha mazoezi, pamoja na milango, ngazi na mahali pazia linapoangukia. Ukingoni mwa jukwaa bandikeni namba: sifuri katikati, halafu 1, 2, 3 kila nusu mita kwenda kulia na kushoto. Mchezaji akiambiwa "malizia kwenye 4 kushoto" anaelewa usiku wowote, ukumbi wowote.

Mwalimu wa densi apange hatua akiwa na kitabu cha noti mkononi. Wanaoimba sauti ya juu wasimame au watembee pale wanapoimba. Wanaoruka wawe wale wasio na mstari wakati huo. Kundi likiruka wote na kuimba wote, mtasikia miguu.

Hatua za densi nazo huwa na hakimiliki yake. Msinakili za kwenye filamu, na haziwatoshi hata hivyo.

Hatua ya 7: Viungo

Hapa nitakaa. Tengeni mazoezi manne kamili ambayo hayatagusa wimbo wala mazungumzo ila kwa mistari miwili kabla na miwili baada. Waigizaji watalalamika kwamba hawaigizi. Ni kweli, siku hizo hawaigizi.

*Maneno kwenda wimbo.* Kwenye noti nyingi za michezo hii utaona vipande vya muziki vilivyowekewa alama ya kurudiwa chini ya mazungumzo, ili okestra izunguke mpaka mwigizaji amalize kusema. Kubalianeni neno kamili linalomtoa kiongozi wa muziki kwenye mzunguko. Neno, si "anapokaribia kumaliza". Kiongozi aliandike, mwigizaji aliandike, nami naliandika kwenye kitabu changu. Mwigizaji akibadilisha neno hilo kwa hisia za usiku ule, okestra nzima inabaki inazunguka kama mbwa anayekimbiza mkia wake.

Angalieni pia mwili. Mtu aliyekuwa anaongea kawaida, muziki ukianza, hunyooka, hugeukia watazamaji na kuvuta pumzi kubwa. Kila mtu ukumbini ameona kwamba wimbo unakuja. Wimbo uanze kwenye sauti ileile ya mazungumzo na kwa mtu yuleyule anayeongeleshwa. Ukubwa uje baadaye.

*Wimbo kwenda makofi.* Mazoezini hakuna makofi, kwa hiyo waigizaji huzoea kuanza mstari unaofuata mara moja. Usiku wa kwanza mstari huo unamezwa. Mtu yeyote aliyekaa bila kazi mazoezini apige makofi mwisho wa kila wimbo. Waigizaji wagande, wasubiri makofi yapande, na yakianza kushuka waseme. Wakingoja mpaka ukimya kamili, wamechelewa.

*Tukio kwenda tukio.* Chukua kiungo cha kawaida kabisa. Wimbo wa sokoni umeisha, tukio linalofuata ni sebuleni. Jukwaani kuna meza ya matunda, mapipa mawili na watu ishirini. Ndani ya sekunde ishirini panatakiwa kochi, taa ya mezani, na watu wawili wanaogombana. Karatasi yangu ya kiungo hicho ingesomeka hivi:

1. Noti ya mwisho, makofi. Taa zinashuka hadi nusu, zisizimwe. Okestra inaingia na muziki wa kupitisha.
2. Alto wawili waliosimama ncha za meza wanaibeba, wanatoka kulia. Hawapiti mbele.
3. Besi wawili wanaviringisha mapipa kushoto. Waliobaki wanatoka kulia nyuma ya meza wakiendelea na biashara zao, kikapu kichwani na yote.
4. Pipa la pili likishavuka pazia, na si kabla, kochi linaingia kutoka kushoto. Upenyo wa pembeni unapitisha kitu kimoja tu.
5. Mwenye sebule anaingia nyuma ya kochi akiwa na taa ya mezani mkononi. Anaiweka kwenye alama nyekundu na kuiwasha. Kidole chake kwenye swichi ndiyo ishara ya taa za sebuleni.
6. Mgomvi wake anaanza kusema kochi likiwa bado linasukumwa hatua mbili za mwisho.

Namba 6 ndiyo siri yenyewe. Hadithi ikianza kabla samani hazijatulia, hakuna mtu ukumbini anayetazama samani. Na oneni kwamba kila kitu kimebebwa na mtu ambaye tayari alikuwa jukwaani au alikuwa anaingia hata hivyo. Mtu asitoke mikono mitupu.

Giza totoro liwekeni akiba kwa mahali pawili au patatu katika mchezo mzima. Gizani watazamaji hupoteza hadithi, na mbebaji hupoteza ukucha wa mguu.

Kila kitu kinachoingia kipimwe urefu, upana na kimo, na kipitishwe kwenye upenyo halisi wa ukumbi. Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa na kitanda. Tulikipima upana, tukapima upenyo, vikakubaliana. Hatukupima ubao wa kichwani. Usiku wa kwanza ubao ukanasa kwenye bomba la taa za pembeni, kitanda nusu ndani, nusu nje, nami nimeshika mguu wake mmoja huku nahesabu moyoni. Sekunde 74. Okestra ilirudia vipande vyake vinane mara tisa. Mpiga tarumbeta aliniandikia usiku ule: "Midomo yangu inakudai."

*Kubadili nguo.* Huu ni kiungo pia, ila uko nyuma ya pazia. Mwenye chini ya dakika mbili abadilie pembeni mwa jukwaa, si chumbani, akiwa na msaidizi mmoja, nguo zimewekwa kwa mpangilio wa kuvaliwa, viatu vimefunguliwa kamba. Vifungo vibadilishwe kwa zipu au mkanda wa kunata. Wajizoeze na saa.

Hatua ya 8: Vitabu chini, mchezo mzima

Wiki tano kabla, hakuna anayeshika kitabu. Atakayekwama aseme "mstari" na asomewe, asiombe radhi, asicheke. Kuanzia hapo endesheni sehemu nzima bila kusimama angalau mara moja kwa wiki. Mwongozaji atatamani kusimamisha. Mnyang'anyeni kipaza sauti. Kosa linaloachwa liendelee linawafundisha waigizaji kujinasua, na hilo ndilo watakalolihitaji.

Pimeni muda kila mara na mwandike. Mingi ya michezo hii huchukua saa mbili na nusu hadi karibu tatu pamoja na mapumziko.

Hatua ya 9: Okestra na waimbaji wakutane wameketi

Wanamuziki huliita zoezi hili kwa neno la Kijerumani, *Sitzprobe*: zoezi la kukaa. Hakuna densi, hakuna mavazi, hakuna kuigiza. Waimbaji wanakaa au kusimama mbele ya maiki na kuimba mchezo wote na okestra. Watu waliozoea piano kwa miezi mitatu hupotea kabisa wakisikia noti yao inatoka kwenye filimbi. Bora wapotee siku hiyo. Mpeni kiongozi wa muziki zoezi zima, na mwongozaji akae kimya nyuma. Kwangu ndiyo siku tamu kuliko zote, pengine kwa sababu hakuna meza ya kutoa.

Hatua ya 10: Siku za ukumbini

Siku ya kwanza ni ya kusimika mandhari, kufunga taa na sauti. Waigizaji wasije. Siku ya pili ni zoezi la ufundi: mnakwenda kutoka ishara hadi ishara, mkiruka katikati, na kila kiungo kinarudiwa mpaka kikae. Litachukua saa nyingi na litachosha. Waambieni watu waje na subira na viatu vya jukwaani. Siku hii anayeamrisha ni meneja wa jukwaa. Siku ya tatu na ya nne ni mazoezi ya mavazi, bila kusimama, kama onyesho.

Alama za mkanda kwenye sakafu ziwe na rangi moja kwa kila tukio. Mahali pa giza tumieni mkanda unaong'aa.

Maiki za mwilini: zibandikwe kwenye mstari wa nywele au shavuni, zisiguse nguo. Jasho ni adui wa kisambazaji, kile kisanduku cha kurushia sauti kinachofungwa kiunoni. Wapo wanaokivalisha kondomu isiyo na mafuta, na inafanya kazi vizuri kuliko mfuko wa plastiki. Betri mpya kila onyesho, hata kama zile za jana bado zinasoma nusu. Fundi sauti awe na skripti, si orodha ya nyimbo tu. Wahusika wawili wakikumbatiana na maiki zote wazi, sauti zao husikika kama zinatoka mtungini, azime moja.

Hatua ya 11: Usiku wa onyesho

Watu wafike saa moja na nusu kabla. Sauti zipashwe pamoja. Kila mtu akague vifaa vyake vya mkononi mezani kwa macho yake mwenyewe, kila usiku. Meneja atangaze nusu saa, dakika kumi na tano, dakika tano, nafasi zenu. Kila tangazo lijibiwe "asante" ili ajue limesikika. Mwongozaji hana kazi tena. Akae na watazamaji.

Mambo yakienda kombo

*Kwaya inashuka noti.* Mara nyingi hawausikii muziki. Geuzeni spika moja iwaelekee wao kabla ya kuwalaumu. Kama wanasikia na bado wanashuka, wamechoka. Fupisheni mazoezi ya jioni ya mwisho.

*Okestra inawafunika waimbaji.* Msianze kwa kupandisha maiki, zitapiga mluzi. Anzeni na ngoma: fimbo nyepesi, kitambaa juu, ubao mbele yake. Halafu vyombo vya shaba, kama tarumbeta. Kisha ndipo muangalie maiki.

*Maiki imekufa katikati ya wimbo.* Mwimbaji asiigonge. Asogee mbele, aimbe kwa kifua, na kiongozi wa muziki aishushe okestra papo hapo. Hili lizoezwe mara moja kabla, kwa makusudi, bila kumwambia mwimbaji.

*Mtu karuka ukurasa mzima wa mazungumzo.* Asirudi nyuma. Aliyejua kilichorukwa aingize habari muhimu kwa sentensi moja, waendelee. Meneja awaambie taa na sauti kwenye vipokea sauti: "tumerukia ukurasa wa 41."

*Mhusika mkuu ameugua asubuhi.* Mbadala anaingia. Kama hamkuteua mbadala, mtu acheze na kitabu mkononi na mwingine aimbe kutoka kwa okestra. Watangazieni watazamaji mapema, watasamehe kuliko mnavyodhani.

*Mchezo umerefuka kwa dakika ishirini.* Msiguse nyimbo. Mkataba hauruhusu na tatizo haliko huko. Rudini kwenye karatasi za viungo na saa mkononi. Viungo kumi na tano vikila sekunde arobaini kila kimoja, dakika kumi zimekwenda. Zilizobaki zipo kwenye vituo vya kuvuta pumzi kabla ya mistari.

*Watoto wanapunga mikono kwa wazazi.* Wacheni siku ya kwanza. Siku ya pili kaeni nao, mwambieni kila mmoja jina la mhusika wake na kwamba mhusika huyo hana mama ukumbini.

Baada ya onyesho la mwisho

Mandhari ivunjwe usiku huohuo, wakati watu bado wapo; kesho mtabaki watatu. Maiki zihesabiwe kabla mtu hajabadili nguo. Kisha kaeni sakafuni, kila mmoja na kitabu chake cha kukodi na ufutio, mfute kila alama, kila mshale, kila "pumua hapa". Kitabu kikirudi kimechafuka au kimepotea mnaweza kutozwa, na fedha hiyo itatoka kwenye akiba mliyodhani imenusurika.